Haki ya Ombi: Nasaha kwa Bendi na Wasikilizaji Wake

Hakuna usiku wa dansi wala wa taarabu upitao bila ya mtu kuinuka kitini mwake, akaukata ukumbi hadi kwenye ukingo wa jukwaa, akamwinamia mwimbaji na kumtajia wimbo autakao. Aghalabu tendo hilo halichukui muda wa ubeti mmoja, lakini ndani yake mna furaha ya mwombaji, heshima ya bendi, subira ya watu wengine wote waliolipa kiingilio kama yeye, na mara nyingine posho ya wapigaji kwa juma zima. Na bendi isiyokuwa na kanuni ya kulipokea ombi huweza kuharibikiwa na usiku mzuri kwa sababu ya wimbo mmoja uliopigwa pasipo mahali pake, au uliokataliwa kwa neno lisilo na staha. Nasaha hizi zimekusudiwa wapigaji wa bendi za kumbini, vikundi vya taarabu na wale wanaopiga katika harusi na mahoteli, na sehemu yake ya mwisho yawahusu wasikilizaji wenyewe. Msingi wake ni mmoja: kila ombi lina haki ya kujibiwa, lakini si kila ombi lina haki ya kutiiwa.

Kwanza yafaa ijulikane kuwa waombaji si wa namna moja. Yuko aupendaye wimbo kwa ajili ya wimbo wenyewe. Yuko aukumbukaye kwa sababu ulipigwa siku ya ndoa yake au ulipendwa na mzazi wake aliyefariki. Yuko atakaye jina lake lisikike katika kipaza sauti mbele ya wenzake. Yuko atakaye kumchoma jirani yake kwa mashairi ya mtu mwingine. Na yuko, ingawa ni nadra, atakaye kuipima bendi kwa kuitajia wimbo anaoamini haiujui. Wote watano huja na maneno yale yale, yaani nipigieni wimbo fulani, na hekima ya anayewapokea ni kumtambua kila mmoja kwa hali yake, madhali wa kwanza hutosheka na wimbo, wa pili hutaka wimbo wake upigwe kwa utulivu, wa tatu huridhika akitajwa tu, wa nne hapasi kupewa silaha, na wa tano yatosha kupewa tabasamu.

Kwa hiyo jambo la awali ni kumteua mtu mmoja awe mpokea maombi. Katika ukumbi wa dansi aweza kuwa kiongozi wa bendi au mmoja wa waitikiaji, na katika harusi aula awe mshereheshaji, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuijua ratiba ya chakula, ya keki na ya zawadi, naye hatashawishika kukubali wimbo wa kurukaruka wakati wazee wanaposubiri kutoa nasaha kwa maharusi. Mwimbaji aliye katikati ya wimbo asipokee ombi lolote, kwa maana akimsikiliza mtu huku anaimba hupoteza beti, na akijibu kwa kutikisa kichwa ili amwondoe mwombaji, mwombaji hurudi mezani akiamini ameahidiwa. Wapiga magitaa nao wasipokee, kwani mara nyingi hutokea kwamba mpiga solo amekubali wimbo mmoja upande wake, mpiga tumba amekubali mwingine upande wake, na kiongozi wa bendi asiyejua habari za wote wawili ameanzisha wa tatu.

Mpokeaji awe na vikaratasi na kalamu, aandike jina la wimbo, jina la mwombaji na meza aliyoketi, kwa mpango wa aliyetangulia. Wengi hawalijui jina la wimbo wautakao. Wanakijua kiitikio tu, au kisa kilichomo, au jina la bendi iliyouvumisha. Huyo asidharauliwe, bali aombwe aimbe mstari mmoja, na mpokeaji mwenye sikio la kazi atautambua. Vikaratasi vipelekwe kwa kiongozi baina ya wimbo na wimbo, naye achague, kisha awaambie wenzake wimbo utakaofuata kabla huu wa sasa haujakwisha, ili pasiwepo kimya kirefu cha watu kuulizana jukwaani, kwani kimya cha namna hiyo huwarudisha wachezaji vitini, na aliyekwisha kukaa ni kazi kumwinua tena.

Jambo la pili ni daftari. Bendi iliyo makini huandika nyimbo zake katika mafungu matatu: zile zilizo mkononi, ambazo zaweza kupigwa saa yoyote bila ya mashauriano, zile zijulikanazo nusu, ambazo zahitaji mazoezi, na zile zilizoombwa mara kwa mara na hazijajulikana kabisa. Fungu hili la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu ni shauri la bure kutoka kwa hadhira yenyewe: wimbo ulioombwa katika maonyesho matatu mfululizo wastahili kufanyiwa mazoezi ya juma lijalo. Kando ya kila wimbo paandikwe nani anaongoza kuimba, mwendo wake ni upi, unaanzaje, unaishaje, na ufunguo wake. Neno hili la ufunguo si dogo. Wimbo uliorekodiwa na mwenye sauti nyembamba ya juu hauwezi kuimbwa na mwenye sauti nzito katika ufunguo ule ule ila kwa kupasua koo. Na ukishushwa jukwaani bila ya maandalizi, mpiga gitaa huenda akasogeza mkono tu, ilhali wapiga tarumbeta na saksafoni hulazimika kubadili vidole vyao vyote katika vipande walivyovizoea kwa miaka. Afadhali mabadiliko hayo yafanywe kwenye mazoezi, yaandikwe, na usiku wa kazi yawe yamekwisha kusahaulika kuwa ni mabadiliko.

Kwa taarabu ya asili sharti hili huwa kali zaidi. Ala iitwayo kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zipangwazo tatu tatu kwa kila sauti, na kuhama kutoka makamu moja, yaani mpango mmoja wa sauti, kwenda nyingine kwaweza kumdai mpigaji wakati wa kulinganisha nyuzi zake; kwa hiyo kikundi kinachotaka kuwaridhisha waombaji bila ya kukatika kila mara kitazikusanya nyimbo za makamu moja pamoja, na ombi la makamu nyingine litangojea zamu ya makamu hiyo. Vile vile bashraf, yaani kipande cha ala cha ufunguzi, haikatizwi kwa ombi la mtu yeyote, kwani kwayo ala hulingana na masikio ya hadhira hutulizwa.

Sasa tuje kwenye wakati, ambao ndio unaoharibu mambo kuliko uchache wa nyimbo. Bendi ikipiga kwa saa 4, na kila wimbo ukachukua dakika 10, jambo lisilo geni katika dansi, hizo ni nyimbo 24 tu, tena bila ya kuhesabu mapumziko wala maneno ya kiongozi. Maana yake ni kwamba vikaratasi 20 vikitiiwa vyote, bendi haina tena usiku wake. Kwa hiyo kiongozi na atenge mapema thuluthi moja ya nyimbo kwa ajili ya maombi, na akiwa na hadhira anayoijua sana aifikishe nusu, lakini asizidishe. Na nafasi hizo azitawanye, asizirundike mahali pamoja. Saa ya kwanza, watu wanapokula na kuingia, ni wakati mwema wa nyimbo za taratibu zilizoombwa. Saa ya mwisho ni ya nyimbo za kuchezesha, na aliyeomba wimbo wa huzuni saa hiyo aambiwe kwa upole kuwa wake utakuwa wa kwanza onyesho lijalo, au utafunga kazi wakati watu wanapoagana.

Katika dansi upo pia msaada unaotokana na muundo wa wimbo wenyewe. Nyimbo nyingi za bendi zetu zina sehemu mbili, ya kwanza ya utulivu yenye kusimulia kisa, na ya pili ya haraka iitwayo chemko, ambamo magitaa hupokezana na wachezaji hujitupa uwanjani. Usiku wenye maombi mengi, kiongozi aweza kuufupisha wimbo kwa kupunguza mizunguko ya chemko, wala hapana atakayelalamika. Lakini asikate beti za kisa, kwa kuwa mwombaji aghalabu ameuomba wimbo kwa ajili ya beti hizo, na asiumalize upesi hata mwombaji aliyekuwa akimtafuta mwenzake wa kucheza naye akafika uwanjani akakuta watu wanapiga makofi.

Jibu la ombi lina sura tatu. La kwanza ni ndiyo, wimbo wako unafuata. La pili ni ndiyo, lakini baadaye, na hapa mpokeaji ataje wakati unaojulikana, kama vile baada ya mapumziko au baada ya keki, kwa maana neno tutaupiga lisilo na saa ni ahadi ambayo mwombaji huihesabu kila wimbo mwingine unapoanza. La tatu ni hapana, na hapana yenye murua huja na badali yake: huu hatujaufanyia mazoezi, lakini tunao mwingine wa mtunzi huyo huyo, je, utakufaa? Watu wengi hukubali badali, kwa sababu walichotaka hasa ni ule wakati wa zamani na ile sauti waliyoizoea. Asiyekubali naye ameheshimiwa, na atakwenda zake bila ya kinyongo.

Wimbo unaojulikana nusu una hatari kuliko usiojulikana kabisa. Katika dansi yawezekana kuuokoa, mpiga solo akabeba sauti ya kuimba kwa gitaa lake na ukumbi ukaitikia kiitikio wanachokijua wote. Katika taarabu haiwezekani, kwa kuwa wimbo wa taarabu ni shairi kabla ya kuwa muziki, wenye vina na mizani, na wasikilizaji wake wanazijua beti kwa moyo. Mwimbaji anayejaza pengo kwa kunong'ona au kwa ubeti wa wimbo mwingine hugunduliwa na ukumbi mzima kabla hajafika kwenye kibwagizo. Hapo kukataa ni adabu, na kujaribu ni dhihaka kwa mtunzi.

Liko pia ombi la wimbo wa bendi nyingine, nalo kwetu lina historia yake. Mwimbaji Muhidin Gurumo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NUTA Jazz mwaka 1964, bendi ambayo baada ya kubadili majina imekuwa Msondo Ngoma, na yeye huyo huyo alikuwamo ilipoundwa Mlimani Park, yaani Sikinde, mwaka 1978. Na Hassani Bitchuka naye aliimba katika bendi hizo zote mbili. Si ajabu basi kwamba msikilizaji akimwona mwimbaji jukwaani humwomba wimbo aliouimba kwingine, wala hajali bendi gani ndiyo yenye mali. Bendi inayokubali kupiga kopi na itaje jina la mtunzi na la bendi iliyoupiga mwanzo, tena kabla ya wimbo kuanza. Kutaja huko hakupunguzi chochote katika sifa ya wapigaji, na kunamlinda kiongozi asiambiwe amejivika kanzu ya mwenziwe.

Tuzo nazo zataka makubaliano kabla ya usiku kuingia. Katika taarabu ni desturi kongwe msikilizaji kuinuka, akaenda kwa mwendo wa kucheza hadi kwa mwimbaji, noti mkononi, akaitoa katika ubeti uliomgusa. Na katika dansi noti hupachikwa hata kipajini mwa mwimbaji au mpiga gitaa. Desturi hii ni nzuri na haifai kuzuiwa, lakini huzaa mashaka mawili. Shaka la kwanza ni mali ya nani. Palipo na siri kila mmoja humshuku mwenzake; kwa hiyo bendi iamue na iandike, ama tuzo yote iingie kapuni na igawanywe, ama mwimbaji abaki na sehemu iliyotajwa na iliyosalia iwe ya wote, kwani yule mpiga besi anayesimama gizani nyuma ya jukwaa, ambaye hapana amwendeaye na noti, ndiye aliyeushikilia wimbo uliotuzwa. Shaka la pili ni fedha inayotaka kuipita foleni. Mtu akitoa noti kubwa ili wimbo wake upigwe kabla ya wale waliotangulia, kiongozi aipokee kwa shukrani na amwambie waziwazi zamu yake ni ya ngapi. Na ubeti alioutuza ukirudiwa, urudiwe mara moja, kwa sababu kurudia mara nne kwa ajili ya noti nne kunamfurahisha mmoja na kuwachosha mia.

Kadhalika utajaji wa majina. Wenzetu wa Kongo huziita mabanga zile sifa za majina zirushwazo ndani ya wimbo kwa malipo, na bendi za Dar es Salaam na Nairobi zimezizoea vya kutosha. Majina yatajwe katika chemko, yasiingizwe katika beti, na yawe machache, kwa maana wimbo uliojaa majina ya wenye fedha huwakumbusha wengine wote kuwa hawakutajwa.

Nimesema kwamba mwombaji wa nne hapasi kupewa silaha, na hapo pana haja ya kueleza. Ushindani wa maneno ni damu ya taarabu. Vikundi vya wanawake vya Unguja vilirushiana mafumbo tangu zama za kale, na katika miaka ya 1990 ushindani wa Tanzania One Theatre na Muungano Cultural Troupe uliufanya mpasho kuwa sababu ya watu kujaza kumbi. Lakini vikundi vinavyoshindana kwa fani ni jambo moja, na mke wa nyumba hii kuuagiza wimbo ili umchome mke wa nyumba ile aliyeketi meza ya tatu ni jambo jingine, kwa kuwa la pili huweza kumalizikia kwa kuvutana nywele na viti kupinduka. Kiongozi na afuate kanuni tatu. Asitangaze kamwe wimbo umeelekezwa kwa nani, hata akilipwa. Atangaze umeombwa na fulani, basi. Wimbo wa pili ukija kama jibu la wa kwanza, aupige, kwa sababu insafu yataka pande zote mbili zisikilizwe; lakini wa tatu uwe wa uchaguzi wake mwenyewe, wimbo wa mapenzi au wa sifa usio na ncha, na mlango wa majibizano ufungwe hapo. Na harusini asiupige wimbo wa kejeli uliolengwa kwa ukoo wa upande wa pili hata kama mwombaji ni mama wa bibi harusi, kwa maana koo hizo mbili zimeunganishwa siku ile ile, na bendi haikualikwa kuzitenganisha.

Kwa wapigao katika mahoteli ya pwani, Mombasa hata Unguja, taabu ni ya namna nyingine, nayo ni kuombwa nyimbo zile zile kila jioni. Wageni wataitaka Malaika, iliyorekodiwa na Fadhili William na kuimbwa duniani na Miriam Makeba, na wataitaka Jambo Bwana ya Them Mushrooms ya mwaka 1982, ambayo Boney M waliichukua mwaka uliofuata na kuieneza Ulaya. Mpigaji aliyezipiga mara elfu ana haki ya kuzichoka, lakini hana haki ya kuuonyesha uchovu huo usoni, kwani mgeni aliyeweka akiba kwa miaka ili afike pwani anazisikia kwa wenyeji wenyewe kwa mara ya kwanza. Dawa ni kuzipanga wakati maalumu wa jioni, kuzipiga kwa uangalifu wote, na kuzifuatishia papo hapo wimbo wa mwambao ambao mgeni haujui, maadamu masikio yake yako wazi.

Neno hili la mwisho lanipeleka kwenye hasara ambayo bendi nyingi haziioni. Hapana mtu aombaye wimbo ambao hajausikia. Bendi inayotii maombi peke yake, usiku baada ya usiku, itapiga zilipendwa milele, na nyimbo zake mpya zitakufa mazoezini, kisha itashangaa kwa nini watu husema kuwa haitungi tena. Hadhira ya Msondo na ya Sikinde inazipenda nyimbo zilizotungwa miongo mingi iliyopita, na inafaa izipate. Lakini kila mmoja katika hizo ulikuwa mgeni siku moja, na kuna kiongozi aliyethubutu kuupiga mbele ya watu waliokuwa wakiomba nyingine. Wimbo mpya na uwekwe baina ya nyimbo mbili zilizoombwa, upigwe saa ile ile katika kila onyesho, utajwe jina lake kabla na baada, wala usiombewe radhi. Ikifika siku kikaratasi kikaja kutoka mezani kikiutaja kwa jina, bendi na ijue kuwa imepata mali.

Lipo ombi moja zaidi, la mtu atakaye kuimba mwenyewe, na mara nyingi huja baada ya bilauri kadhaa. Kipaza sauti kisitolewe kwa mtu asiyejulikana katikati ya kazi. Ikiwa bendi yapenda kuwapa wasikilizaji nafasi, itenge wakati wake na itangaze. Ikiwa haipendi, mpokeaji amwombe bwana huyo aje asimame karibu na jukwaa aitikie kiitikio na wenziwe, naye ataona amepata heshima, wala ukumbi hautapata adhabu.

Kwenu wasikilizaji, maneno ni machache. Bendi iliyoukataa wimbo wako haikukuchukia. Huenda mwimbaji wake hayupo, huenda ufunguo haumfai aliyepo, huenda umeombwa saa ambayo ungewakalisha watu mia. Msimvute mwimbaji nguo, msipige kelele za jina la wimbo wakati mwingine unapigwa, na msiombe mara ya tatu lililokwisha kujibiwa.

Basi enyi viongozi wa bendi, wekeni mpokeaji, andikeni daftari, tengeni thuluthi yenu ya maombi na muilinde nafasi ya nyimbo mpya, gawaneni tuzo kwa uwazi, na kila mwombaji mpeni jibu. Na enyi wasikilizaji, ombeni mapema, ombeni mara moja, na mkishapewa wimbo wenu inukeni mkaucheze, kwa maana hakuna jambo linalomvunja moyo mpigaji kama kuuacha wimbo wake aliouchagua, akaupiga wa mtu aliyeuomba, kisha akamwona mtu huyo ameketi akiongea na simu.